Harusi Ndani ya Beseni la Kahawa

Kama gazeti lako la juma lililopita lilifungiwa sabuni dukani kabla hujalisoma, usihuzunike. Hukukosa mengi isipokuwa aibu yangu, na aibu yangu haijawahi kuisha dukani.

Mimi ni dobi. Nampenda kijana anayepiga picha za eksirei hospitalini, ndiyo maana namwita Eksirei, naye ananipenda. Kwa watu wenye bahati hilo lingetosha. Mimi sina bahati, nina mama mkwe.

Mama mkwe mtarajiwa, niseme, maana alikula yamini mbele ya wanawe wote kwamba hakuna ndoa mpaka aone kwa macho yake kuwa wazazi wangu walioana. Wazazi wangu walifariki nikiwa bado natambaa. Shangazi yangu, dada yake baba, ndiye aliyenilea, na katika nyumba yetu hakuna hata picha moja ya bibi na bwana harusi.

"Kuku mgeni hakosi kamba mguuni," mama mkwe alimwambia mwanawe. "Huyu wako kamba yake nataka niione."

Wasomaji wengi mmeniandikia mkinishauri nimwache huyo kijana nitafute mwingine asiye na mama. Asanteni. Sikumwacha.

Tuliishia pale nilipokuwa natafuta pasi ya zamani juu ya kabati, nikaangukiwa na kamera ya marehemu baba. Ndani mlikuwa na filamu ambayo haikuwahi kusafishwa. Juu ya mfuko wake baba alikuwa amebandika plasta na kuandika neno moja kwa mkono wake: Harusi.

Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni. Mimi nikifurahi nacheka, nikiogopa nacheka zaidi, na madaktari hawana dawa yake. Kabla sijasimama, Eksirei alikuwa tayari amempigia mama yake simu na kumwalika aje Jumamosi alasiri aone ushahidi. Hilo lilikuwa kosa la kwanza.

Sasa endelea nami.

Studio zote za mjini zilizokuwa zikisafisha filamu zimegeuka maduka ya simu. Nikamuuliza Eksirei tutaisafishia wapi.

"Hapa hapa nyumbani," akasema.

"Kwa dawa gani?"

"Kahawa."

Nilimtazama vizuri. Kuna siku mwanamke lazima ajiulize anaolewa na nani.

Kumbe alikuwa na akili zake. Zamani, kabla ya kompyuta, hospitali yao ilikuwa na chumba cha giza, na wakubwa wake wa kazi walimfundisha mambo yote ya filamu. Kahawa ya unga, magadi ya kufulia na vidonge vya vitamini C, ukivichanganya, vinaitoa picha iliyojificha. Baada ya hapo unahitaji dawa ya kuigandisha isifutike, na chupa yake moja ilikuwa inataka kutupwa stoo ya hospitali. Mkubwa wake alimwambia achukue.

"Magadi tunayo," nikasema. "Magadi ndiyo marashi yangu."

Jumamosi asubuhi nikakuta kopo la kahawa halipo.

"Shangazi, kahawa iko wapi?"

"Nimempa jirani."

Shangazi yangu hajawahi kumpa jirani hata kijiti cha kiberiti. Jirani akiomba chumvi huambiwa ina madhara. Lakini mimi nilikuwa juu mawinguni kwa furaha, nikaona labda uzee unamlainisha. Nikakimbia dukani kununua kopo lingine, nikalificha ndani ya mashine ya kufulia.

Alasiri tukatundika mablanketi ya wateja kwenye dirisha la bafuni, tukaziba upenyo wa mlango kwa taulo. Dawa ilikuwa nyingi kuliko beseni, kwa hiyo iliyobaki nikaiacha kwenye jagi, juu ya meza ya sebuleni. Hilo lilikuwa kosa la pili, na tutalifikia.

Shangazi akasimama mlangoni akiwa na ufagio.

"Mnakwenda wapi?"

"Bafuni, Shangazi."

"Wote wawili?"

"Ndiyo."

"Na mlango?"

"Unafungwa."

"Na taa?"

"Inazimwa," nikasema, na kicheko kikaanza kunipanda.

"Shangazi, filamu ikiona mwanga kabla ya wakati inaharibika," Eksirei akaeleza kwa adabu zote. "Hata mwanga wa kiberiti."

Niliona jicho la shangazi likicheza alipolisikia hilo. Wakati ule sikulitilia maanani.

"Sikumlea huyu mtoto hadi hapa ili aje achumbiwe bafuni gizani," akasema. Akachukua ndoo, akaiingiza ndani, akaipindua, akaikalia. "Zimeni taa yenu. Mimi nipo."

Tukazima.

Giza lilikuwa la kukatwa kwa kisu. Nikasikia Eksirei akibandua kibati cha filamu, kisha akanipapasa mkono akanipa ncha moja. Yeye alishika ncha ya pili. Kazi yenyewe ni rahisi: filamu inaning'inia katikati, inazama ndani ya kahawa, mmoja anainua na mwenzake anashusha, bila kusimama. Ni kama kukamua shuka la watu wawili, na mashuka nimeyakamua tangu nina meno ya utoto.

"Panda," akasema.

"Shuka," nikasema.

"Panda."

Vidole vyetu vikagongana ndani ya beseni, vikasahau kuachana.

"Mikono iko wapi?" shangazi akauliza kutoka kwenye ndoo.

"Ndani ya kahawa, Shangazi."

"Yote minne?"

Niseme ukweli, sijawahi kuwa na furaha kama ile. Bafu linanuka magadi na kahawa, magoti yananiuma kwenye saruji, mlinzi wangu ananihesabia vidole, na mimi nafikiri moyoni kwamba kama maisha ya ndoa ndiyo haya basi nichelewe nini.

Hapo kifua cha shangazi kikawaka.

Simu. Aliificha ndani ya gauni, na sasa ilikuwa inamulika bafu zima rangi ya buluu, hata nikaona matone kwenye bomba.

"Zima," Eksirei akapiga ukelele, akajilaza juu ya beseni kifua mbele.

"Sijui inazimwa wapi," akasema shangazi. Huyu ndiye shangazi ambaye kwa simu hiyo hiyo hucheza karata na kuwashinda watu asiowajua.

Sikuwa na la kufanya. Nikamkalia. Nilijirusha mapajani mwake, nikamkumbatia kwa nguvu mpaka mwanga ukafa kati yetu, na ndoo ikalia chini yetu sote wawili. Nilikuwa nacheka huku machozi yananitoka. Yeye hakucheka. Nilisikia moyo wake ukienda mbio, nikadhani ni uzito wangu.

"Imepona?" nikauliza.

"Sijui," Eksirei akasema, sauti ikitokea ndani ya kahawa. "Panda."

"Shuka," nikasema, nikarudi kazini.

Ndipo tukasikia sauti sebuleni. "Hodi wenyewe."

Mama mkwe. Amewahi, kama wawahivyo watu wanaotaka kukukuta hujajiandaa, na bila shaka mumewe kamwacha garini na magoti yake, kama kawaida.

"Karibu, Mama," nikaitika. "Tuko bafuni."

Nyayo zikasimama.

"Nani na nani?"

"Mimi na mwanao. Na Shangazi."

Nyayo zikasogea hadi mlangoni mwa bafu.

"Mbona hakuna mwanga?"

"Tumezima taa, Mama," akasema Eksirei. "Tukiwasha tutaharibu. Kaa kidogo, tunamaliza."

Tukamsikia akikaa. Kisha tukasikia kikombe kikigonga meza na kitu kikimiminwa.

"Mama, usinywe hiyo," nikapaza sauti.

Nilichelewa. Alikuwa amekwisha piga funda. Alikohoa, akatema, akakohoa tena, nami nikajibana mdomo kwa kiwiko kwa sababu mikono haikuwa yangu.

"Kahawa hii kapika nani?"

"Ni ya kusafishia picha, Mama."

"Basi mimi tayari nimesafika," akasema. "Hii familia, jamani."

Eksirei akamwelekeza kupitia mlangoni asukutue kwa maji mengi, wala haitamdhuru. Tukasuuza filamu, tukaitia kwenye dawa ya kugandisha ambayo inanuka kama siki iliyokasirika. Nikajikaza kisabuni, sikuuliza kitu. Mwishowe Eksirei akasema, "Washa."

Nikawasha.

Filamu ilikuwa nyeusi. Nyeusi tii, kama chungu kilichosahauliwa jikoni. Simu ya shangazi ilikuwa imeila yote. Nilihisi harusi yangu ikitiririka pamoja na maji kwenye shimo la bafu.

"Ngoja," Eksirei akasema.

Kuna kipande kilikuwa kimelala chini kabisa ya beseni, chini ya kifua chake, na hakikuona mwanga. Picha moja. Ndani yake watu wawili wamesimama bega kwa bega.

Nilimrukia shingoni, tukateleza wote. Mama mkwe alipofungua mlango alitukuta sakafuni tumelowa kahawa, shangazi amekaa juu ya ndoo anatazama ukuta.

"Nionyesheni," akasema, bila salamu.

Tukaitundika filamu kwa vibanio vya nguo mbele ya dirisha, tukatoa blanketi. Mama mkwe akavaa miwani, akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa.

"Mbona bibi harusi kavaa nyeusi na nywele zake nyeupe?"

"Hapo rangi zimepinduka, Mama," akasema Eksirei. "Cheusi ndicho cheupe. Ni kama eksirei."

"Kwa hiyo hilo ni gauni jeupe."

"Ndiyo."

"Na hili ni shela." Akatazama muda mrefu. "Na maua haya. Na bwana harusi na tai yake." Akavua miwani polepole, akanigeukia, na uso ule ambao kwangu siku zote ulikuwa umekunjwa kama nguo iliyosahaulika kwenye ndoo, ukanyooka. "Binti, nimekuonea. Ni harusi kweli. Nisamehe, mwanangu."

Akanikumbatia. Mama mkwe mwenyewe, kwa mikono yake miwili, bila kulazimishwa. Eksirei akanibeba akanizungusha mpaka kisigino changu kikaangusha dumu la sabuni. Mimi nacheka, yeye anacheka, mama mkwe anafuta macho. Laiti hadithi yangu ingeishia kwenye aya hii, ningeacha kuandika gazetini nikaenda kuzaa watoto.

"Sasa zipindueni hizo rangi," akasema mama mkwe, "niwaone wakwe zangu sura."

"Simu inaweza," akasema Eksirei. "Dakika moja tu, Mama. Dirisha la jikoni lina mwanga mzuri."

Tukaenda jikoni tumeshikana mikono. Nikaishika filamu dirishani, yeye akaipiga picha kwa simu, akabonyeza hapa na pale, na rangi zikajigeuza. Gauni likawa jeupe. Nyuso zikawa za watu.

Eksirei ndiye aliyeacha kucheka kwanza.

"Masikio hayo," akasema.

Nami niliyaona. Masikio yaliyosimama mbali na kichwa, kama yanataka kusikiliza ya jirani. Nayajua vizuri masikio hayo, nayabusu kila jioni. Tofauti ni kwamba ya kwenye picha yalikuwa juu ya tai.

"Huyo ni baba," akasema.

"Baba yako?"

"Baba yangu mimi. Na huyo bibi harusi..."

Hakumalizia, na haikuhitajika. Bibi harusi alikuwa na mwanya, na kidevu kilichoinuliwa kama cha mtu anayemjibu mwenye nyumba. Mwanya huo na kidevu hicho vilikuwa vimenilea.

Ndipo akili ikanirudia, baada ya juma zima la kucheka ovyo. Kamera ni ya baba. Aliyeandika ni baba. Sasa kama baba ndiye aliyeshika kamera, angewezaje kuwa ndani ya picha? Sisi sote, na wasomaji wote mlioniandikia mkinipongeza, hakuna aliyejiuliza swali hilo. Baba alipiga picha za harusi ya dada yake.

Shangazi akaingia jikoni. Akatuona tulivyosimama.

"Nimekuja kuchemsha maji," akasema.

"Shangazi," nikamwambia kwa sauti ya chini. "Uliwahi kuolewa?"

"Kidogo."

"Mtu anaolewaje kidogo?"

"Kwa msimu mmoja. Akaenda mbali kutafuta kazi, akasema atarudi." Akapangusa meza iliyokuwa safi. "Wewe hukuwa umezaliwa. Baba yako alikasirika, akasema filamu ile hataisafisha mpaka bwana harusi mwenyewe arudi."

"Na ulijua kuwa ni baba yake Eksirei?"

"Siku ya kwanza alipoingia kwa huo mlango. Nilimwona masikio, nikasema, Mungu wangu, amerudi, na hajazeeka." Alijaribu kutabasamu. "Ningekuambia nini? Ulikuwa umependa mpaka ulikuwa unapiga pasi soksi."

Kumbe kahawa haikwenda kwa jirani. Kumbe simu ile kifuani aliijua inakozimwa. Na kumbe zile ziara zote ambazo baba mkwe alikataa kuingia kwetu, akabaki garini na kofia imefunika uso, na mama mkwe akatuambia magoti yanamsumbua, magoti hayakuwa na kosa lolote.

"Shangazi," Eksirei akasema. "Na talaka?"

"Birika limechemka," akasema shangazi.

Jiko lilikuwa halijawashwa.

Nikaanza kucheka. Nilijaribu kuzuia kwa aproni, nikashindwa. Ushahidi ule niliouchemshia kahawa, niliouwekea mablanketi ya wateja, ulikuwa unasema kwamba mume wa mama mkwe wangu ni mume wa shangazi yangu. Yeye alitaka kuona kamba mguuni mwangu, na sasa kamba hiyo ilikuwa imefungwa kwenye mguu wa mume wake.

"Naifuta," akasema Eksirei, kidole juu ya simu. "Tunamwambia imeharibika. Ile yenye rangi zilizopinduka ameshaiona, ametosheka. Tunaoana mwezi ujao, basi."

"Futa," nikasema.

"Usifute."

Shangazi alikuwa amenyoosha mkono. Akaichukua simu, akaisogeza mbali kidogo ili aone vizuri. Kidole chake kilimgusa yule msichana wa kwenye picha, picha ikakua, akashtuka, akagusa tena.

"Sikuwahi kuiona," akasema. "Miaka yote sikujua nilikuwaje siku ile."

"Ulikuwa mzuri, Shangazi."

"Eh," akasema. "Nilikuwa mzuri kweli."

Nikaona uchungu, jamani. Kwa mara ya kwanza siku ile nikaona kwamba mimi nilikuwa natafuta mume na yeye alikuwa ananiangalia nikimtafuta, akiwa amekunja huzuni yake ndani ya kabati moja na kamera. Nikamshika mkono. Na bado, wacha niungame, moyo wangu ulikuwa unapiga kelele: na mimi je?

"Mbona kimya huko?" mama mkwe akaita kutoka sebuleni. Sauti yake ilikuwa tamu, na utamu huo ndio ulionimaliza. "Msinifiche wakwe zangu. Leteni, tuwaone wote. Tena ngoja, na huyu mzee wa garini leo ataingia, apende asipende. Nimemkosea binti wa watu, nataka ashuhudie nikiomba radhi."

"Mama, magoti yake," Eksirei akapaza sauti.

"Magoti yake nayajua mimi."

Tukasikia dirisha la sebuleni likifunguliwa. Tukamsikia akimwita, "Baba watoto, njoo ndani. Ni wewe tu unayesubiriwa." Mlango wa gari ukafunguka. Haukufungwa mara moja. Kisha ukafungwa.

Eksirei alinitazama. Nilimtazama shangazi. Alikuwa ameweka simu mezani, picha juu, na alikuwa anajifunga kitambaa chake upya mbele ya kioo cha dirisha, anavuta nywele moja ya mvi kuirudisha ndani.

"Shangazi, utamwambia nini?"

"Sijui."

"Mama akijua, harusi yangu imekwisha."

"Najua, mwanangu."

Hatua zikapanda ngazi ya mbele, taratibu, wala si hatua za mtu mwenye magoti mabovu. Zikasimama kizingitini. Kutoka jikoni, kwa mlango ulioachwa wazi nusu, niliona kofia ikivuliwa na masikio mawili yakitokeza.

"Mke wangu," akasema, sauti nzito, yenye kukwaruza kidogo, sauti ambayo nyumba yetu haikuwahi kuisikia. "Umeniita?"

"Abee," akaitika mama mkwe kutoka kwenye kochi.

"Abee," akaitika shangazi kando yangu, kwa sauti ya msichana, kabla hajaweza kujizuia.